Protini za utando zinazowasaidia bakteria kutoa protini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Utoaji wa protini ni nini hasa?

Protini za bakteria hutengenezwa na ribosomu ndani ya saitoplazimu, yaani ujiuji unaojaza seli, lakini nyingi kati ya hizo hazikukusudiwa kubaki humo. Kwa Escherichia coli, bakteria wa utumboni ambaye amechunguzwa kuliko karibu wote, takriban robo hadi theluthi ya aina za protini zake hupachikwa kwenye utando wenyewe, huvushwa hadi upande wa pili wa utando, au hutolewa nje kabisa ya seli. Miongoni mwake mna vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, vijenzi vya ukuta wa seli, nyuzi za kunatia kwenye kuta za utumbo, na sumu. Safari hiyo ya kuvuka utando ndiyo inayoitwa utoaji, na maelezo haya yanahusu protini zinazokaa kwenye utando na kuiwezesha. Wapo wanaopendelea kusema kwamba bakteria "hutema" protini. Nimelikwepa neno hilo kwa sababu protini nyingi hazifiki nje hata kidogo, bali huishia katika nafasi iliyo kati ya tando mbili, wa ndani na wa nje, ambazo bakteria kama E. coli wanazo.

Kwa nini protini isipite kwenye utando yenyewe?

Sehemu ya katikati ya utando, yenye unene wa takriban nanomita 3, imejaa minyororo ya mafuta inayokataa maji, ilhali mnyororo wa protini una asidi amino (vijenzi vyake) nyingi zenye chaji na zinazopenda maji. Mtu anaweza kudhani kwamba tundu moja pana lingelimaliza tatizo hilo. Lingeleta tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa utando wa bakteria hufanya kazi kama betri: seli husukuma protoni nje muda wote, na tofauti ya chaji na ya wingi wa protoni inayopatikana kati ya pande mbili ndiyo inayoendesha utengenezaji wa ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), mzunguko wa mikia ya kuogelea na kazi nyingine nyingi. Protoni ni ndogo mno ikilinganishwa na mnyororo wa protini, na kwa hiyo tundu lolote linaloweza kuupitisha mnyororo huo lingeweza pia kuivujisha betri yote.

Swali kuu basi ni hili: mlango wa namna gani hupitisha kitu kikubwa huku ukikizuia kilicho kidogo? Binafsi naona kwamba umbo la kila protini itakayotajwa hapa chini haliwezi kueleweka vizuri mpaka lisomwe kama jibu la swali hilo.

Seli hujuaje kwamba protini fulani inapaswa kutoka?

Protini nyingi zinazotolewa huzaliwa zikiwa na kipande cha ziada mwanzoni mwa mnyororo, chenye asidi amino zipatazo 20 hadi 30, kiitwacho mfuatano wa ishara. Kipande hicho kina sehemu tatu: mwanzo wenye chaji chanya, katikati inayokataa maji, na mwisho wenye alama ambapo kisu kitakata. Kisu chenyewe ni protini ya utando iitwayo peptidasi ya ishara, ambayo sehemu yake ya kukatia imeelekea nje ya saitoplazimu, hivyo hukata ishara baada ya protini kuanza kuvuka na si kabla. Günter Blobel, aliyelifafanua wazo la ishara katika miaka ya 1970 akichunguza seli za wanyama, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Bakteria walionekana kutumia lugha hiyohiyo kwa kiasi kikubwa.

Mlango mkuu, SecYEG, umeumbwaje?

Mlango huu una protini tatu. SecY ndiyo kubwa na ndiyo njia yenyewe. SecE huikumbatia kwa nyuma kama pingu inayozishika nusu zake mbili zisiachane, na SecG hukaa pembeni, tena seli inaweza kuishi bila hiyo. SecY hupita kwenye utando mara 10, kila mara kwa nguzo iliyojisokota kwa mtindo wa alfa. Nguzo tano za kwanza hufanya nusu moja na tano za mwisho hufanya nusu ya pili, na nusu hizo hufunguka na kufunga kama kombe la chaza.

Picha ya kwanza iliyoonyesha atomi za mlango huu kwa uwazi ilichapishwa mwaka 2004 na kundi la Tom Rapoport wa Harvard. Protini iliyotumiwa haikutoka kwa bakteria bali kwa Methanocaldococcus jannaschii, kiumbe wa kundi la akea aishiye kwenye joto kali chini ya bahari, kwa sababu protini zake hustahimili kazi ngumu ya kutengeneza fuwele. Wengi walitazamia kuona bomba pana lililozungukwa na nakala kadhaa za SecY. Kilichoonekana ni kwamba nakala moja peke yake ina njia katikati yake, yenye umbo la faneli mbili zilizounganishwa kwa midomo yao myembamba. Penye wembamba huo kuna pete ya asidi amino sita zinazokataa maji, ambazo kwa E. coli zote ni isolusini. Chini ya pete, upande wa nje wa seli, kuna kipande kifupi cha nguzo ya pili kilichojikunja na kuziba njia, nacho huitwa kizibo.

Kuna jambo la pili ambalo picha ile ililiweka wazi, nalo ni mlango wa ubavuni. Kombe la chaza lina upande mmoja unaofunguka kuelekea kwenye mafuta ya utando, kati ya nguzo ya pili na ya saba. Mfuatano wa ishara hujipenyeza hapo na kuutanua mlango. Protini ambazo makazi yake ni ndani ya utando nazo hutokea hapohapo: nguzo inayokataa maji inapoingia njiani, hupata nafasi ya kutelezea ubavuni na kubaki kwenye mafuta badala ya kuvuka. Mashine moja basi hufanya kazi mbili, kuvusha na kupachika, na kinachoamua ni tabia ya mnyororo wenyewe.

Je, kizibo hicho ndicho pekee kinachozuia uvujaji?

Sivyo, na ushahidi wake unafaa kukumbukwa. Watafiti walipokiondoa kizibo kwa kubadilisha jeni, seli hazikufa. Picha za fuwele zilizofuata zilionyesha kwamba vipande vya jirani vya SecY viliingia mahali pa kile kilichoondolewa na kuwa kizibo kipya, ingawa hakikuziba kwa uthabiti uleule. Wakati njia imefungwa, pete na kizibo husaidiana. Wakati mnyororo unapita, kizibo husogea kando na pete huubana mnyororo pande zote kama mpira laini unavyoibana kamba inayopita ndani yake, hivyo mnyororo wenyewe huwa sehemu ya kinga dhidi ya uvujaji. Kwangu hili ndilo jibu zuri kuliko yote katika fani hii: mpitaji huziba njia anayoipita.

Jeni hizi ziligunduliwaje kabla ya picha hizo kuwapo?

Kwa majaribio ya jenetiki yaliyofanywa kwa ustadi wa kushangaza. Watafiti wa Marekani, wakiwamo Jon Beckwith na Thomas Silhavy, waliunganisha mwanzo wa LamB, protini inayopelekwa utando wa nje na kutengenezwa seli inapopata sukari ya maltosi, na protini ya saitoplazimu iitwayo beta-galaktosidasi. Protini hii ya pili hujikunja haraka na kwa ukubwa usioweza kupita mlangoni. Seli hizo zilipopewa maltosi zilikufa, kwa sababu protini iliyounganishwa ilianza kuvuka kisha ikakwama, na milango ikazibwa.

Kifo hicho kikawa chombo cha uchunguzi. Bakteria wachache waliosalimika walikuwa na mabadiliko ya kijeni yaliyoharibu mfuatano wa ishara, na hivyo asidi amino zilizo muhimu zikajulikana moja baada ya nyingine. Kisha swali likageuzwa: ikiwa ishara imeharibika, ni mabadiliko gani mahali pengine yanayoweza kuruhusu protini ipite tena? Katika kazi iliyochapishwa mwaka 1981, mabadiliko ya namna hiyo yalipatikana kwenye jeni iliyopewa jina prlA, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa ndiyo jeni ya SecY. Miaka zaidi ya 20 baadaye, picha ya mwaka 2004 ilipotoka, mengi ya mabadiliko hayo yalionekana kukusanyika kwenye pete, kwenye kizibo na sehemu zinazovizunguka. Ni mabadiliko yanayoilegeza hali ya kufungwa, kiasi kwamba hata ishara dhaifu inatosha kufungua.

Nani anayesukuma?

SecYEG ni njia tu, haina nguvu ya kusukuma. Msukumaji ni SecA, protini kubwa ambayo kwa E. coli ina asidi amino 901. SecA hukaa saitoplazimu na hujishikiza juu ya SecY wakati wa kazi, ikitumia nishati inayopatikana kwa kuivunja ATP. Mwaka 2008 ilionyeshwa picha ya SecA ikiwa imeshikana na SecYEG ya bakteria Thermotoga maritima, na ndani yake kulionekana kidole cha nguzo mbili kilichoingizwa mdomoni mwa njia.

Namna hasa kidole hicho kinavyofanya kazi bado inabishaniwa. Kundi moja linasema kwamba kidole husukuma mnyororo kwa pigo, kisha hurudi nyuma na kushika tena. Kundi jingine linasema kwamba mnyororo hutikisika wenyewe kwenda mbele na nyuma kwa sababu ya joto, na kwamba SecA huachia njia ya kwenda mbele na kuzuia ile ya kurudi. Kila upande una majaribio yanayouunga mkono, na zipo pia fikra zinazochanganya yote mawili, kwa hiyo mwanafunzi anayekuta maelezo ya hakika kabisa kuhusu jambo hili ayasome kwa tahadhari.

Ni lazima pia mnyororo ufike mlangoni ukiwa haujajikunja. Kwa protini nyingi za E. coli kazi hiyo hufanywa na SecB, protini mlezi ya saitoplazimu inayoushikilia mnyororo ukiwa wazi hadi uikabidhi SecA. Protini za ndani ya utando kwa kawaida hufuata njia tofauti: hutambuliwa zikiwa bado zinatengenezwa, na ribosomu yenyewe huletwa hadi kwenye SecYEG.

SecDF na YidC zina kazi gani?

SecDF huvuta kutoka upande wa nje. Hupita kwenye utando mara 12, ina mkono mkubwa uliochomoza nje ya saitoplazimu, na hutumia nguvu ya protoni zinazorudi ndani ili kuzuia mnyororo usirudi ulikotoka. YidC husaidia kupachika protini kwenye utando, ama pamoja na SecYEG ama peke yake kwa protini ndogo. Ndugu zake wanapatikana kwenye mitokondria na kloroplasti, jambo linaloafikiana na asili ya vioganeli hivyo kuwa ni bakteria wa kale.

Itakuwaje protini ikiwa imeshajikunja?

Ziko protini ambazo haziwezi kusubiri, hasa zile zinazobeba madini kama chuma au molibdeni, ambayo hupachikwa saitoplazimu na kuhitaji protini iliyokwisha kupata umbo lake. Hizo hutumia mfumo wa Tat, uliopewa jina kutokana na arjinini mbili zinazofuatana kwenye ishara yake. E. coli ana protini 30 hivi zinazotumia njia hii. TatC na TatB huipokea ishara, kisha nakala nyingi za TatA, protini ndogo yenye nguzo moja fupi, hukusanyika mahali pale. Hakuna tundu la kudumu. Inaaminika kwamba nguzo hizo fupi huupunguza unene wa utando na kuulegeza mpaka protini ipenye, na baadaye TatA hutawanyika. Hapa tena ndilo swali letu la uvujaji, safari hii likijibiwa kwa kutokuwa na mlango kabisa mpaka mpitaji afike.

Bakteria wenye tando mbili huvukaje ule wa nje?

Bakteria wa kundi la Gramu hasi wana utando wa pili, usio na ATP karibu nao na usio na betri ya protoni. Kwa hiyo nguvu ya kuuvuka lazima itoke ndani. Protini zake nyingi zina umbo la pipa lililoundwa kwa tepe za beta, na mapipa hayo hupachikwa na BamA, ambayo nayo ni pipa la tepe 16 lenye mshono dhaifu ubavuni.

Mfano ulio karibu nasi ni sumu ya kipindupindu. Vibrio cholerae hutengeneza sehemu moja ya A na tano za B. Kila moja huvuka utando wa ndani ikiwa mnyororo, kupitia SecYEG, kisha zote hujikunja na kuungana katika nafasi ya kati ya tando. Sumu iliyokamilika hutolewa nje na mfumo wa aina ya pili, ambao mlango wake wa nje ni protini ya GspD: nakala 15 zilizopangwa duara, zenye lango lililofungwa katikati. Msukumo hutoka kwa kimeng'enya kinachovunja ATP kule saitoplazimu, nao hupitishwa na nguzo inayojijenga kama pistoni. Sumu ikishafika kwenye utumbo, hulazimisha seli za mgonjwa kumwaga chumvi na maji, na ndiyo maana uhai wake hutegemea kurudishiwa maji hayo haraka. Sehemu B peke yake haina madhara hayo, na imo katika mojawapo ya chanjo za kunywa, ile iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009.

Nimesikia kwamba baadhi ya bakteria wana sindano. Ni kweli?

Ni kweli. Mfumo wa aina ya tatu una pete kwenye utando wa ndani na wa nje, na juu yake sindano iliyo wazi katikati, yenye urefu wa makumi ya nanomita. Shigella anayeleta kuhara damu na Salmonella anayeleta homa ya matumbo huutumia kuingiza protini moja kwa moja kwenye seli za binadamu. Mashine hii ina nasaba moja na ile ya mkia wa kuogelea. Njia ya ndani ya sindano ni nyembamba kiasi kwamba protini hulazimika kukunjuliwa ndipo zipite.

Haya yanahusianaje na chanjo ya BCG na kipimo cha kifua kikuu?

Yanahusiana moja kwa moja, na ningependa wahudumu wa afya wengi zaidi walijue jambo hili. Bakteria wa kifua kikuu ana utando wa nje wa nta, na huuvuka kwa mifumo ya aina ya saba, ijulikanayo kama ESX. Katika utando wa ndani hukaa protini za EccB, EccC, EccD na EccE, zikiwa zimejipanga kwa makundi sita, na EccC ndiyo inayotumia ATP. Mfumo wa ESX-1 hutoa protini mbili ndogo zinazotembea zikiwa zimeshikana, ESAT-6 na CFP-10. Mfumo huo humsaidia bakteria kuharibu kifuko alimofungiwa ndani ya seli ya kinga.

Albert Calmette na Camille Guérin, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, walimwotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe mara 230 kati ya mwaka 1908 na 1921, mpaka akapoteza makali yake. Miongo mingi baadaye ilibainika kwamba miongoni mwa vilivyopotea ni kipande cha DNA kiitwacho RD1, chenye sehemu kubwa ya ESX-1. Mtoto anayechanjwa BCG siku za mwanzo za maisha yake hupata basi bakteria asiye na mlango huo.

Hapa ndipo tofauti ya vipimo inapotokea. Kipimo cha ngozi hutumia mchanganyiko wa protini nyingi, kwa hiyo aliyechanjwa anaweza kuonyesha mwitikio hata kama hajaambukizwa. Kipimo cha damu kinachotumia ESAT-6 na CFP-10 huuliza swali finyu zaidi: je, seli za kinga za mtu huyu zimewahi kukutana na protini ambazo BCG haina? Hata hivyo, kipimo hicho hakiwezi kutofautisha maambukizi yaliyolala na ugonjwa unaoendelea.

Je, seli zetu zina milango kama hii?

Zinayo. Sec61, iliyo kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa tando ndani ya seli), ni ndugu wa SecY, ikiwa na nguzo 10, kizibo na mlango wa ubavuni. Ugonjwa wa kidonda cha Buruli umetufundisha umuhimu wake. Jina hilo limetokana na eneo la Buruli nchini Uganda, ambako wagonjwa wengi waliandikwa katika miaka ya 1960. Bakteria wake, Mycobacterium ulcerans, hutoa sumu ya mafuta iitwayo mikolaktoni, ambayo hujiingiza kwenye Sec61 na kuizuia. Protini nyingi ambazo seli ingezitoa, zikiwamo zile za kuita msaada wa kinga, hubaki ndani na kuvunjwavunjwa, na kidonda huenea bila uvimbe mkali unaotarajiwa.

Je, kuna dawa zinazolenga protini hizi?

Bado hazijafika kwenye rafu za maduka ya dawa, ila shabaha zipo. SecA inavutia kwa sababu binadamu hana protini kama hiyo. Azidi ya sodiamu huizuia, lakini ni sumu kwetu pia, hivyo hubaki kuwa zana ya maabara. Arilomaisini huzuia peptidasi ya ishara. Darobaktini, iliyotangazwa mwaka 2019, hushikamana na mshono wa BamA. Kundi hili la mwisho lina faida ambayo wengi huisahau: shabaha yake iko juu ya uso wa bakteria, na dawa haihitaji kuvuka utando wa ndani ili iifikie.

Ipo pia sababu ya pili ya kutafuta dawa hizo. Beta-laktamasi, vimeng'enya vinavyovunja penisilini na jamaa zake, havina faida kubwa kwa bakteria vikibaki saitoplazimu, kwa kuwa penisilini hushambulia ukuta ulio nje ya utando. Vingi kati ya hivyo, kikiwamo TEM-1 kinachopatikana kwa wingi duniani, huvuka kupitia SecYEG.